Somo la Vikundi: Darasa Ambamo Mtoto Anaweza Kusoma

Kwa kawaida kwenye ukurasa huu tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, mizinga ya nyuki na visima. Somo hili ni la shule ya msingi, na tunajua kuna watakaouliza: hayo si mambo ya walimu? Ndiyo, kufundisha ni kazi ya mwalimu. Lakini chumba anachofundishia, benchi analokalia mtoto, maji ya kunawa, na hata ile hofu au furaha ambayo mtoto anatoka nayo nyumbani asubuhi, hayo yote yako mikononi mwetu pia. Tena vikundi kama vyenu ndivyo vilivyochimba misingi ya shule nyingi za vijijini kwa harambee, kabla ya hazina ya CDF kuanzishwa mwaka wa 2003. Hatuwezi leo kusema shule ni ya wenyewe.

Mkianza mkutano, someni Marko 10:13-16. Jadilianeni kwa ufupi tu: ni akina nani waliokuwa wakiwazuia watoto pale, na je, wao walijiona wanafanya vibaya?

Chumba kibaya ni cha nani?

Nendeni katika shule yoyote ya huku kwetu mwulize chumba kizuri kuliko vyote ni cha darasa gani. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: darasa la nane. Mtihani wa KCPE ulifanywa tangu 1985 hadi 2023, na shule ilipimwa kwa mtihani huo. Basi watahiniwa wakapewa sakafu ya simiti, madirisha ya vioo na mwalimu mwenye uzoefu. Wa darasa la kwanza walipewa kile chumba cha matope, au kile kisicho na mlango, au mti. Mwalimu mgeni ndiye aliyepelekwa huko, tena akiwa peke yake na watoto wengi kuliko wenzake wote.

Mtihani umekwisha, mazoea hayajakwisha. Tangu Januari 2023, gredi ya 7 ilipowekwa katika shule za msingi, halafu ya 8 na ya 9, vyumba vimetafutwa kwa haraka, na mara nyingi wanaosogezwa ni wadogo, kwa sababu wao hawawezi kulalamika.

Hii ni sawa na mkulima anayeacha mahindi yamezwe na magugu yakiwa machanga, halafu anakuja kupalilia masuke. Kusoma hujifunzwa katika ile miaka mitatu ya kwanza. Kuanzia gredi ya 4 masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza kutoka vitabuni, na mtoto ambaye hajajua kusoma hawezi kufuata hata Sayansi, hata Kilimo, hata habari za mazingira ya kwao. Anakaa tu. Baadaye anaanza kukosa Jumatatu, halafu Ijumaa, halafu tunasikia ameajiriwa kuchunga ng'ombe au kulea mtoto wa wenyewe mjini. Wale wa Uwezo, ambao tangu 2009 wamekuwa wakienda nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto kusoma na hesabu, wameonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa watoto walio darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Hao ni watoto walio shuleni, wenye sare, ambao wazazi wao wanaamini wanasoma.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza halitaki hata shilingi. Zungumzeni na wazazi wenzenu na halmashauri ya shule, ili gredi ya 1 ipewe chumba kizuri kuliko vyote, chenye mwanga, kilicho mbali na barabara na mbali na uwanja wa mpira. Wakubwa wanaweza kuvumilia dirisha lililovunjika kwa muhula mmoja. Mdogo hawezi.

Kuna wazee ambao wakisikia haya husema, "Sisi tulisoma chini ya mti, tuliandika kwa vidole mchangani, na tukafaulu." Tunawaheshimu wazee wetu, na ni kweli walifaulu. Lakini mzee anayesema hivyo ni yule aliyefaulu. Wale wenzake ambao hawakujua hata kuandika jina lao hawapo mkutanoni kusimulia juu ya ule mti.

Kaeni dawati la nyuma

Ombeni ruhusa kwa mwalimu mkuu mwende darasani siku moja jioni, watoto wakishatoka. Msisimame mlangoni mkitingisha vichwa. Ingieni, mkae. Mmoja akae dawati la nyuma kabisa kwenye kona, mwingine karibu na dirisha, mwingine mbele pembeni. Kisha mtu aandike ubaoni maneno machache kwa chaki, na yule wa nyuma asome kwa sauti. Hapo ndipo mtajua.

Mara nyingi asiyeweza kusoma si kwamba macho yake ni mabaya. Pengine ubao umekuwa wa kijivu na chaki inateleza. Pengine dirisha liko kando ya ubao na jua linang'aa machoni. Pengine herufi ni ndogo. Kwa chumba cha mita 7 na kitu, herufi ndogo kama "a" iwe na urefu wa sentimita 4 au 5 ndiyo wa nyuma aione vizuri. Sasa fikirini mtoto wa miaka sita, mfupi, mbele yake kuna vichwa vya wenzake, na mwalimu anasema, "Nakilini kutoka ubaoni." Anaangalia daftari la jirani anakili huko. Mwalimu akiliona daftari limejaa, anaweka alama ya vema. Mtoto huyo anaweza kumaliza mwaka mzima hivyo bila kusoma neno hata moja.

Ubao ni kazi ndogo kwa kikundi. Fundi apige plasta laini ya simiti ukutani, ikauke vizuri, kisha ipakwe rangi nyeusi ya ubao. Upande wa chini uwe mahali ambapo watoto wadogo wanafika kwa mkono, maana nao wanatakiwa kuandika ubaoni, si mwalimu peke yake. Mahali pasipo na pesa, watoto wamekuwa wakisugua ubao kwa mkaa uliosagwa pamoja na majani mabichi. Hiyo inasaidia, ila lazima irudiwe mara kwa mara. Wengine huvunja betri kuukuu za tochi wapate ule unga mweusi. Hapana, tafadhali. Ule unga una kemikali za kudhuru, na mikono ya watoto huishia mdomoni.

Juu ya mwanga: darasa la mabati lenye vidirisha viwili ni giza hata saa nne asubuhi siku ya mawingu. Kipimo kizuri ni madirisha yote yakijumlishwa yafike karibu sehemu moja ya tano ya sakafu. Chumba cha mita 7.5 kwa 6 kina mita mraba 45, basi madirisha yafike kama mita mraba 9. Ikiwa ukuta umeshajengwa na hamwezi kuutoboa, ondoeni bati moja au mawili mweke yale ya plastiki yanayopitisha mwanga, ila yawe upande wa ukutani, si juu ya vichwa vya watoto, maana jua la saa sita litawapika. Halafu kuta zipakwe chokaa ndani. Chokaa ni rahisi na hurudisha mwanga chumbani. Chini, kimo cha mita moja hivi, pakeni rangi nyeusi-nyeusi kidogo, kwa sababu mnajua mikono na miguu ya watoto.

Kama chumba kina madirisha upande mmoja tu, madawati yageuzwe mwanga utoke kushoto kwa watoto wakitazama ubao, ili mkono wa kuandikia usitie kivuli. Yule anayetumia mkono wa kushoto ahamishiwe mahali pa kumfaa. Na asitokee mtu wa kumlazimisha aandike kwa mkono wa kulia. Hayo yalifanywa zamani na hayakumsaidia mtu.

Madawati nayo. Mwaka wa 2004 Mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule moja ya msingi huko Eldoret, na ulimwengu mzima ukashangaa kuona mzee amejibana kwenye dawati la watoto. Kinyume chake hakuna anayekishangaa: mtoto wa miaka sita aliyeketi kwenye benchi la vijana, miguu inaning'inia hewani, kidevu kiko sawa na meza. Jaribuni nyinyi kuandika mkiwa mmekaa juu ya ukuta, miguu haigusi chini. Baada ya dakika kumi mgongo unauma na mtoto anaanza kuchezacheza, halafu anaambiwa ni mtundu.

Kabla ya fundi kukata mbao, apime watoto watatu, mfupi, wa kati na mrefu. Kikalio kiwe na kimo cha kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Meza ifike usawa wa kiwiko mtoto akiwa ameketi. Mara nyingi hata hakuna haja ya dawati jipya. Nyuma ya kila shule kuna rundo la madawati yaliyovunjika miguu. Yakatwe miguu, yapigwe misumari, yanakuwa ya gredi ya 1. Kikundi chenye seremala mmoja kinaweza kutengeneza kumi kwa Jumamosi mbili.

Sakafu na mlango

Sakafu ya udongo huleta vumbi, na vumbi huleta kikohozi na funza. Mtoto mwenye funza hasikii hesabu. Anasikia vidole vyake. Kwa sasa, sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagiwa, na isiribwe kwa samadi na udongo kila wiki kama tunavyofanya nyumbani. Lakini suluhisho ni simiti. Kwa ile mita mraba 45, zege la sentimita 7.5, mchanganyiko wa simiti 1, mchanga 3 na kokoto 6, linahitaji mifuko ya kilo 50 ipatayo 15, mbali na ile ya kulainisha juu. Mchanga na kokoto mnaweza kuleta wenyewe, na nguvu za mikono ni zenu. Kikundi cha watu 30 kikitoa nusu mfuko kila mmoja, simiti imepatikana.

Mkijenga au mkikarabati, mlango ufunguke kwa nje, na madirisha yasiwekwe vyuma visivyofunguka. Mwongozo wa Wizara wa usalama shuleni wa mwaka 2008 unasema hivyo. Tunakumbuka Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambako wavulana zaidi ya 60 waliungua usiku, na Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, ambako watoto 21 walikufa. Yale yalikuwa mabweni, si madarasa, lakini mlango ni mlango. Tunajua vyuma huwekwa kwa ajili ya wezi wa vitabu. Nunueni sanduku la chuma lenye kufuli mweke vitabu humo; litazuia wezi na mchwa na panya kwa pamoja.

Watoto 80, mwalimu mmoja

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni katika mwaka mmoja. Tulimshukuru Mungu, na bado tunashukuru. Lakini vyumba havikuongezeka kwa kasi hiyo, wala walimu. Ule mwongozo wa 2008 unasema chumba cha kama mita 7.5 kwa 6 ni cha watoto 40 ikiwa wanakaa wawili wawili. Wakiwa 80, kila mmoja anabaki na nafasi ya sentimita 75 kwa 75 hivi, na hapo hatujatoa nafasi ya mwalimu kupita.

Je, kikundi kifanye nini na hali hiyo? Kwanza, mwacheni mwalimu apange upya. Mistari mirefu ya madawati yaliyobanana hufanya mwalimu asifike nyuma, na asipofika, wale wa nyuma wako peke yao. Afadhali kuacha vijia viwili, hata kama watoto watabanana zaidi kidogo. Walimu wengine huwaweka watoto vikundi vya sita au wanane wakitazamana. Ni vizuri kwa mazungumzo na kazi za mikono, na anayejua humsaidia asiyejua. Ila wakati wa kusoma ubaoni, wale waliompa ubao kisogo wageuke. Tumeona madarasa ambamo vikundi vimepangwa kwa sababu mkaguzi anakuja, na nusu ya watoto wanaumwa shingo. Mpango unafuata kazi ya saa hiyo.

Pili, nafasi haiishii ukutani. Mti wenye kivuli kizuri, mabenchi ya magogo na ubao wa kubebeka ni darasa la pili. Mwalimu mmoja hawezi kuwa mahali pawili, hiyo ni kweli, lakini nusu ya darasa inaweza kusoma hadithi na mama mmoja wa kikundi chini ya mti huku mwalimu akiwafundisha wengine ndani, kwa makubaliano na mwalimu mkuu. Akina mama waliostaafu ualimu mnao vijijini. Waombeni saa mbili kwa wiki. Mkipanda miti, msipande mikaratusi karibu na darasa.

Tatu, ni zile desturi ndogo za kila siku, na hapa tunawasifu walimu wengi tuliowatembelea. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kupiga kelele siku nzima. Sauti itaisha Jumanne. Anawafundisha ishara. Akipiga makofi matatu, wanajibu kwa makofi mawili na kunyamaza. Vitabu vinagawiwa na kiongozi wa kila kikundi, si watu 80 kusukumana mezani. Kuna wimbo wa kuingia na wimbo wa kukusanya madaftari. Inachukua kama mwezi mmoja kuwazoesha, na hapo ndipo darasa linaanza kujiendesha lenyewe. Mkimpata mwalimu wa namna hiyo, msiruhusu ahamishwe gredi ya 1 bila kuuliza sababu.

Kuta zinazosema

Chumba kitupu hakimfundishi mtoto kitu mwalimu akigeuka. Chumba chenye herufi, picha, namba, majina ya siku na majina ya watoto wenyewe kinaendelea kufundisha. Si lazima kununua chati za dukani. Mifuko ya simiti ikipasuliwa na kugeuzwa ni karatasi nzuri sana, na gunia jeupe la sukari likipasuliwa linaandikika kwa kalamu ya wino mzito wala halichaniki mvua ikipuliza ndani. Kamba ya mkonge ikivutwa kutoka ukuta hadi ukuta inaning'iniza kazi za watoto. Vifuniko vya soda mia moja kwenye mkebe ni vya kuhesabia. Kwenye kona, wekeni "duka": pakiti tupu za chumvi, majani chai na kiberiti, na bei zimeandikwa. Mtoto anasoma, anauza na kurudisha chenji, na hajui kwamba amefanya hesabu ya kutoa.

Neno la tahadhari. Tangu mtaala mpya wa umilisi uanze mwaka wa 2019, wazazi wamelalamika kwamba kila jioni wanaambiwa walete kitu, leo manila, kesho rangi, kesho kutwa picha ya kuchapishwa kwa saiba. Mzazi wa mboga za kukopa anatoa wapi? Hapa kikundi kina kazi nzuri: kusanyeni vifaa vya bure mara moja kwa muhula, vya darasa zima, mpeleke kwa pamoja. Hapo hakuna mtoto atakayesimamishwa kwa sababu kwao hakuna gunia.

Hofu

Sasa tufike penye ugumu. Chumba kinaweza kuwa na simiti, vioo na chati, na bado mtoto asijifunze kwa sababu anaogopa. Mtoto anayeogopa kuchapwa akikosea hainui mkono. Asipoinua mkono, mwalimu hajui alipokwama. Akikwama leo kwenye silabi, kesho atakwama kwenye neno.

Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka wa 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kabisa kumpiga mwanafunzi au kumtesa akili. Walimu wanajua hayo. Lakini tuseme ukweli: ni nani anayemsindikiza mtoto hadi shuleni na kumwambia mwalimu mbele ya mtoto, "Mwalimu, huyu mchape tu, mimi nimekupa ruhusa"? Ni sisi wazazi. Ruhusa hiyo hatuna. Sheria haikutuachia tuigawe, na mwalimu akimwumiza mtoto, atakayeshtakiwa ni yeye, si wewe uliyempa ruhusa.

Wapo watakaosema kwamba bila kiboko hakuna nidhamu. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwa sababu nidhamu ni kitu cha lazima na darasa la kelele si darasa. Lakini angalieni yale madarasa yaliyotulia kweli. Mtakuta watoto wana kazi ya kufanya, wanajua mwalimu anataka nini, na kanuni za darasa ziko ukutani, nne au tano, zilizotungwa na watoto wenyewe pamoja na mwalimu. Aliyevunja kanuni anasafisha alichochafua, anamwomba radhi mwenzake, anakaa karibu na mwalimu kwa muda. Mwalimu anawajua kwa majina. Kwa watoto 80 hilo si jambo dogo. Kikundi kinaweza kusaidia kwa vipande vya kadi vyenye majina vya kusimamisha mezani katika wiki za kwanza za muhula.

Matusi nayo ni kiboko. "Wewe ni mjinga kama baba yako" huingia ndani kuliko fimbo. Hilo tulikemee shuleni, na tulikemee nyumbani.

Lugha ya nyumbani

Wengi wetu tunakumbuka ile diski, kipande cha mbao kilichofungwa kamba, aliyoning'inizwa shingoni mtoto aliyenaswa akiongea lugha ya mama. Ilizunguka siku nzima, na jioni wote waliowahi kuivaa waliadhibiwa. Katika shule nyingine ipo hadi leo kwa namna nyingine.

Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya nchi imekuwa kwamba watoto wa miaka mitatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Kwa kijiji ni lugha ya wenyeji. Kwa kituo cha biashara chenye watu mchanganyiko ni Kiswahili. Mtaala mpya nao unafuata hivyo. Sababu yake ni nyepesi. Mtoto anayejua "maji" anajifunza kusoma neno "maji". Mtoto asiyejua maana ya neno anaimba tu kile mwalimu alichosema. Kusoma akishajua, atahamisha ujuzi huo kwenye Kiingereza.

Wazazi wengi hawapendi kusikia haya. Wanaona shule ya Kiingereza tangu siku ya kwanza ndiyo shule. Hatuwalaumu, kila mtu anataka mwanawe apate kazi. Lakini sikilizeni mtoto wa gredi ya 2 akiwasomea ukurasa mzima kwa Kiingereza, kisha mwulizeni huyo aliyetajwa alikwenda wapi. Kama hajui, huko si kusoma.

Kikundi kina utajiri hapa ambao shule haina. Mwalikeni bibi mmoja aende darasani kila wiki atoe hadithi kwa lugha ya nyumbani. Mwalimu aiandike kwa maneno mafupi kwenye gunia la sukari, watoto wachore picha. Tayari mna kitabu.

Mambo mengine, kwa ufupi

Choo ni sehemu ya darasa. Kipimo cha Wizara ni tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Mlango wa choo cha wasichana uwe na komeo la ndani, na maji yawe karibu, la sivyo wasichana wakubwa wanakosa shule siku kadhaa kila mwezi. Sheria ya 2017 inasema serikali itoe sodo bila malipo. Ulizeni zimefika ngapi. Vibuyu chirizi vya kunawa mikono, jerikeni ndogo na kamba, ni kazi ya asubuhi moja. Na paa la darasa ni kisima: kila milimita moja ya mvua kwenye mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita mraba 50, mvua ya milimita 10, ni lita kama 500, ukitoa zinazopotea. Mnachohitaji ni mfereji wa bati na tangi.

Mtoto mwenye ualbino akae mbele lakini mbali na dirisha lenye jua. Asiyesikia vizuri akae mahali anapouona mdomo wa mwalimu. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, mlango wenye ngazi ya sentimita 30 unahitaji mteremko wa mita 3.6 ili aweze kupanda bila kusukumwa kwa nguvu. Kama yuko mtoto kijijini aliyefichwa nyumbani kwa sababu ya ulemavu, anzeni na huyo.

Uji wa saa nne kwa wadogo tumeshauzungumzia mara nyingi. Tumbo tupu halisikii.

Kazi ya mkutano wenu

Fanyeni yale matembezi kabla muhula haujafika nusu, kikundi kisizidi watu sita, na mmoja wao awe baba. Kazi hii isiachiwe akina mama peke yao. Mwambieni mwalimu mkuu mapema na mmweleze kwamba hamji kukagua walimu. Bebeni futi ya kupimia, chaki na daftari. Andikeni: gredi ya 1 iko chumba gani na ina watoto wangapi, wa nyuma anasoma nini ubaoni, miguu ya watoto inafika chini au haifiki, mlango unafunguka upande gani, ukutani kuna nini. Kisha mwulizeni mwalimu wa darasa, si mwalimu mkuu, "Mwalimu, ukipewa kitu kimoja tu muhula huu, ungetaka nini?" Tumewahi kusikia walimu wakijibu mapazia ya gunia ya kuzuia jua, au mtu wa kuwashikia watoto mkono kwenye daraja wakati wa mvua, na wakati huo kikundi kilikuwa kimeshaanza kuchangia lango jipya la shule.

Mkirudi, chagueni jambo moja la bila pesa na jambo moja la pesa. La pesa liwe na mweka hazina, tarehe na bei zilizoulizwa madukani. Na mkubaliane kabla ya kuanza kwamba mtoto ambaye kwao hawakutoa mchango atakaa kwenye dawati lile lile kama wenzake. Tuandikieni mlichokuta, hata kama ni mistari mitano tu, mwipe katibu wa parokia atuletee.